Chanjo ya HPV huku Mtwara: shuleni wamepatia, mtaani binti anajitafutia mwenyewe

Watu wanaandika rivyu za simu, za mabasi, za hoteli za beach, basi na mimi leo naandika ya chanjo maana nayo ni huduma na kodi tunalipa. Naongelea ile ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, mtaani wengi wanaiita tu "ile ya wasichana". Mimi ni fundi cherehani Mikindani, nyumbani nina mtoto wa dada yangu yuko la sita, na kibarazani kwangu wapo mabinti wanajifunza kushona ambao shule wameshaachana nayo kitambo, kwahiyo hii kitu nimeiona kwa milango yote miwili, na nawaambia ni huduma mbili tofauti zimepewa jina moja.

Nianze na shule maana huko sina neno baya. Mtoto alikuja na kikaratasi mapema kabla ya siku yenyewe, Kiswahili cha kueleweka, chanjo gani, ya ugonjwa gani, umri gani, lini. Mwalimu wa afya akaita wazazi, tukaenda wachache kama kawaida yetu, akina mama na babu mmoja. Nesi aliyekuja hakutusomea karatasi, aliongea kama anaongea na shoga zake. Akasema kirusi cha HPV kina aina nyingi sana ila aina mbili, ya 16 na ya 18, ndo zinaleta kama asilimia 70 ya saratani hii, na chanjo inazipiga hizo. Wanachanja wa miaka 9 mpaka 14 kwasababu inafanya kazi vizuri pale ambapo mwili haujakutana bado na kirusi, ukishakutana nacho chanjo haikitoi. Babu akauliza mbona wajukuu zake wa kiume hawachomwi. Swali zuri tu. Nesi akamwambia babu, wanaume nao wanakibeba na zipo nchi zinawachanja, ila wenye mlango wa kizazi ndo wanaokufa na saratani yake kwahiyo ndo wanaoanza kupewa. Mimi lilinitosha, babu sijui, aliondoka anatikisa kichwa.

Siku ya kuchoma ndo walinifurahisha. Mlango wa darasa wameutundikia khanga ili walioko kwenye foleni wasimuone anayechomwa. Kinaonekana kitu cha kijinga lakini nakipa maksi nyingi kuliko vyote, kwasababu wasichana wa umri huu akilia mmoja mbele ya wenzake foleni nzima inaanza kutetemeka, na akianguka mmoja basi kabla ya adhuhuri mji mzima una habari kwamba chanjo imeua mtoto. Waliambiwa waje wamekunywa chai. Wakishachomwa, bega la kushoto, wanakaa kwenye benchi chini ya mwembe robo saa hivi wanaangaliwa, mwalimu anawapigia stori za mpira. Kuzimia kwa muda mfupi baada ya sindano kunatokea kwa watoto wakubwa wakubwa hivi, mara nyingi hofu tu, na ukimkalisha hatajigonga kichwa kwenye sakafu. Kile kiboksi cha chanjo chenye barafu muda wote kilikuwa kivulini, nesi anafungua anachukua anafunga. Nikamuuliza akasema inatakiwa ikae digrii 2 mpaka 8, ikipata joto imeharibika na ikiganda pia imeharibika, hapo sikujua, nilidhani baridi ikizidi ndo vizuri zaidi. Wa kwangu alirudi anasema mkono unamuuma, jioni nikamkuta anaruka kamba.

Shule nyota tano. Sawa, nne na nusu, maana waliokuwa hawapo siku ile waliambiwa "mtaenda zahanati" na hakuna aliyefuatilia kama walienda.

Sasa kabla sijaingia mtaani niwakumbushe tulikotoka. Nchi nzima ilianza Aprili 2018, mama Samia akiwa bado Makamu wa Rais ndo alizindua kule Dar, na enzi hizo ilikuwa kwa wasichana wa miaka 14, dozi mbili, ya pili baada ya miezi sita. Haya piga hesabu ya kusini. Ya kwanza Aprili, ya pili Oktoba. Oktoba huku kwetu kuna nini? Korosho! Tandahimba, Newala, Nanyamba huko familia nzima iko shambani inaokota, watu wanahamia kwenye mabanda, na binti wa miaka 14 wengi wao mtihani wa la saba wameshafanya mwezi wa tisa, hana tena mwalimu wa kumwita jina, na kadi iko kwenye sanduku la mama ake kijijini. Aliyepanga ile ratiba hana mkorosho hata mmoja.

Ilipofika Aprili 2024 ikawa dozi moja, umri ukaanzia 9 mpaka 14, na ikapigwa kampeni ya nchi nzima kwa wasichana karibu milioni 5. Jirani yangu mmoja, mama mwenye maneno, akasema wamepunguza kwasababu dawa hazitoshi, wanatupunja. Sio kweli. Shirika la Afya Duniani lilikubali dozi moja mwaka 2022, na mojawapo ya tafiti zilizotoa ushahidi ilifanyika hapahapa nchini, Mwanza, kwa wasichana 930 wa miaka hiyohiyo 9 mpaka 14, wengine walipewa dozi moja wengine mbili wengine tatu, wakawa wanapimwa damu, na wa dozi moja kinga ilikutwa ipo. Kwahiyo watoto wa kisukuma ndo wametuhangaikia sisi, dunia nzima inawategemea. Ila kuna kundi moja la kuangalia, binti anayeishi na VVU huyo dozi moja haimtoshi, anatakiwa apate zaidi, na mlezi wake aulizie kulekule anakochukulia dawa, asikubali kuambiwa umeshamaliza.

Kwa binti asiye shule hii dozi moja ni ukombozi. Ukimpata mara moja umemaliza kazi. Shida sasa ni hiyo mara moja.

Hapa kibarazani kuna binti mmoja, jina naliacha, aliacha shule la tano bibi yake alivyougua huko Tandahimba, ikabidi akae amuuguze, bibi akafariki, shule hakurudi, mama yake akaniletea nimfundishe cherehani. Ana miaka kumi na mbili, kumi na tatu hivi. Nikamwambia nenda zahanati ukachanjwe, ni bure, hauchukui muda. Akaenda. Akarudi hajachanjwa, hataki kusema kwanini, anakanyaga cherehani kama anaigombeza. Mchana ndo akaniambia.

Alifika asubuhi, na asubuhi pale ni kliniki ya mama na mtoto. Benchi zima ni wajawazito na wenye vichanga, watoto wananing'inizwa kwenye mzani, na yeye kakaa katikati kavaa dera. Anayeandikisha akamuuliza bila hata kuinua macho, mimba ya miezi mingapi. Kwa sauti. Binti akasema nimekuja chanjo ya wasichana, akaulizwa unasoma wapi, akanyamaza. Basi akaambiwa subirini mtakuja kuchanjiwa shuleni kwenu. Shule ipi? Na kwenye benchi lilelile yupo mama wa mtaa wa pili, alasiri haijafika habari imefika kwenye genge la nyanya kwamba yule mwanafunzi wa fundi ameenda kuanza kliniki.

Zahanati siitaji jina na huyo mwandikishaji simtaji, pengine siku ile alichoka. Lakini jamani. Mwanafunzi hahitaji kujieleza, kaitwa jina kwenye orodha, kasimama mstarini na wenzake wote, hakuna anayemshangaa. Huyu wa mtaani anatakiwa atoke mwenyewe, akae benchi la wajawazito, aeleze kwanini hasomi, aeleze ana miaka mingapi, na aeleze kwamba hana mimba, yote hayo mbele za watu, ndo apate kitu ambacho mwenzake kapata kwa kukunja shati. Mimi mtu mzima nisingeenda.

Nikafunga kibaraza nikampeleka mwenyewe, mchana, kliniki imeshapungua. Tukakuta nesi mwingine, dada mpole, akatuita pembeni. Cheti cha kuzaliwa hana. Amezaliwa lini? Nikasema mama yake alijifungua mwaka wa gesi. Nesi akacheka, akaandika 2013. Mtu wa Mtwara yeyote hauhitaji kumuelezea mwaka wa gesi, zile vurugu za bomba, kila mtu anakumbuka alikuwa wapi. Akachomwa, akakalishwa robo saa, akapewa kadi, tukarudi. Yani kazi yenyewe ni fupi kuliko kuweka zipu. Ndo maana naumia, kwasababu huduma ipo, dawa ipo, nesi mwenye akili yupo, ila imetegemea umeenda saa ngapi na umemkuta nani na kama una mtu mzima wa kukusemea.

Na hao wasio na wa kuwasemea ni wengi kuliko tunavyojidanganya. Dada wa kazi, katolewa kijijini analea mtoto wa watu mjini, bosi atamruhusu saa ngapi? Wanaouza karanga na ndizi stendi. Wanaosaidia mama zao kukaanga samaki pale feri. Na ile kampeni ya Aprili, huku Aprili mpunga mabondeni unaanza kubeba, watoto wako shamba wanaamia ndege toka alfajiri mpaka magharibi, sasa wewe ukiweka meza yako kijijini saa nne asubuhi utawachanja wazee?

Ila nimeona pia ilipofanyika vizuri na hii ndo sababu hasa ya kuandika. Nyumbani kwa mama, kijiji kimoja upande wa Tandahimba, nilienda kumsalimia nikakuta huduma ya mkoba, ile ya kuwafuata watu walipo, imekuja na pikipiki, nesi na mhudumu wa afya wa jamii. Hawakuweka zahanati. Waliweka meza karibu na ghala la AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, siku ya gulio, na walianza mchana wakaendelea mpaka jua linatua, muda ambao watu wanatoka shamba na kila binti ana sababu ya kuwepo gulioni, kaja kununua dagaa, kaja kuuza muhogo, kaja kuangalia vijana, hakuna wa kumuuliza umefuata nini.

Na aliyewaita sio gari la matangazo. Ni kungwi. Huku kwetu kama kuna mtu ana orodha kamili ya wasichana wa kijiji kuliko mtendaji, kuliko mwalimu mkuu, ni kungwi, maana kawacheza unyago wote, anayesoma na asiyesoma, anajua nani kavunja ungo, nani kapelekwa mjini kazi za ndani, nani amerudi. Yule mama alipita nyumba kwa nyumba na mhudumu wa afya nyuma yake, akifika anasema lete mwali wangu, na mwali analetwa. Wajukuu zake mwenyewe walichomwa wa kwanza, watu wote wanaangalia. Ile stori ya kwamba sindano inafunga kizazi ilikuwepo, ilikuwepo sana tu, imeunganishwa na za korona humohumo, lakini nani atamwambia kungwi kwamba anawafunga kizazi mabinti wake? Mwanamke ambaye kazi yake yote ni kuwafundisha hao mabinti waje kuzaa salama.

Hapa niweke angalizo maana nimesikia watu wanapendekeza chanjo itolewe ndani ya unyago kabisa. Hapana, tena hapana. Mambo ya ndani ni ya ndani, ukiingiza sindano na koti jeupe mle utaharibu vyote viwili, na huo uvumi wa kizazi ndo utapata miguu. Kungwi aite, meza ikae nje hadharani. Wakitaka wapange na likizo za Juni na Desemba maana ngoma nyingi ziko hapo na mabinti waliotawanyika wanarudi nyumbani, sawa, hilo nakubali.

Madrasa nayo walipita kulekule. Ustadhi alikubali waje baada ya alasiri, darasa la wasichana, na pale mchanganyiko ni mzuri kwasababu anayesoma shule ya serikali na asiyesoma wote wamekaa mkeka mmoja. Ustadhi hakutoa hotuba ndefu, alisema kinga ni bora kuliko tiba, nesi ni mwanamke, mikono mirefu ya baibui itapandishwa nyuma ya pazia, waliokwisha chanjwa shuleni waseme. Basi. Sijui kwanini huku pwani yote, Mikindani mpaka Kilwa, Lindi huko, madrasa isiwe kituo cha kudumu, kila mtaa unayo.

Kasoro za mkoba zipo. Walichelewa kufika, njia ilikuwa tope. Kuna sehemu ya kijiji, vitongoji vya mbali, hawakufika kabisa na waliahidi. Na tangazo la mwanzo lililotoka halmashauri kabla kungwi hajashika kazi lilisema wasichana waje na sare za shule, sasa asiye na sare alielewa nini? Alielewa hahusiki, akaenda zake kuteka maji. Mhudumu wa afya mwenyewe alikuwa anahangaika kulifuta hilo tangazo nyumba kwa nyumba. Pia daftari lao, waliandika majina ya mabinti bila kuandika jina la kitongoji, sasa kesho ukitaka kujua nani kabaki unaanzaje, Asha wapo thelathini.

Akina mama tuliokuwepo tukauliza na sisi je, tuchanjwe. Nesi akasema nyie njooni mpimwe, wa miaka 30 mpaka 50 hasa, wanapaka kitu kama siki kwenye mlango wa kizazi wanaangalia kama kuna madoa, majibu palepale. Na hata hawa mabinti wakikua watatakiwa wapimwe, chanjo haizibi aina zote. Walioitikia walikuwa wengi kuliko nilivyotegemea, ila siku ile hawakuja na vifaa vya kupimia, nafasi imepotea hivihivi. Mama kaacha gulio lake kakusikiliza halafu unamwambia aje siku nyingine mjini, nauli nani analipa?

Na huu ugonjwa sio wa hadithi. Tanzania kwa mwaka wanawake wapya wanaokutwa nao ni zaidi ya 10,000 na wanaokufa zaidi ya 6,000, hayo ni makadirio ya mwaka 2020. Mtu wa huku akihitaji mionzi safari ni hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar, zaidi ya kilomita 500 kwenye basi, na anayevuja damu anakaaje kwenye basi siku nzima? Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokata barabara kule Somanga kusini yote ilifungiwa, hata nyanya hazipiti, sembuse mgonjwa. Jirani zangu wanaosema chanjo ni biashara ya wazungu nawauliza tu hilo basi wanaweza kulipanda.

Kwahiyo maksi zangu. Shuleni nne na nusu nimeshasema. Zahanati, kwa binti asiye shule, mbili, na moja ya hizo ni ya yule nesi wa mchana. Mkoba wa gulioni na kungwi, nne, wangekuja na vifaa vya kupima akina mama na wangefika vitongoji vyote ningewapa tano bila kujiuliza.

Mwenye binti nyumbani hajachanjwa, wako au wa kazi, na wa kazi ndo namaanisha zaidi: mpeleke mchana kliniki ikipungua, ale kwanza, avae nguo inayopandishika begani, kama hana cheti kumbuka mwaka kwa tukio lolote, waambie moja kwa moja hasomi ila umri wake ni 9 mpaka 14 na anastahili, wasikuzungushe habari za sare. Kama ni mjamzito waambie kabla, huyo anasubiri mpaka ajifungue. Kadi piga picha kwenye simu yako. Bei ni bure, ukiambiwa hela ya sindano au ya kadi au ya maji ya kunywa usitoe, uliza jina la mganga mfawidhi, yule mkuu wa kituo.